Mfuniko Umefungwa, Laptopu Haijalala: Dhana Potofu Kuhusu Usingizi na Chaji

Lalamiko ni moja hapa Tanga, uwe Ngamiani au Chumbageni: "Jana usiku nimeiacha imejaa, asubuhi naamka iko hamsini." Chaji waja leo waondoka leo. Hukumu nayo hutolewa papo hapo: betri imekufa, tafuta nyingine. Betri inanunuliwa, inafungwa, na wiki haijaisha mchezo ni ule ule. Mara nyingi betri haina kosa. Kilichokula chaji ni mashine ambayo mwenyewe alidhani imelala.

Yafuatayo yanahusu laptopu za Windows 10 na 11, pamoja na za Linux Mint au Ubuntu. Hizo mbili za mwisho ni chaguo linaloeleweka kwa mashine ya mtumba isiyokubali Windows 11, maana Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

"Ukifunga mfuniko, imelala"

Kulala kuko kwa namna mbili. Ya zamani huitwa S3: prosesa inakatiwa umeme, diski inakatiwa, na RAM peke yake inaachiwa tone la umeme ili ikumbuke ulipofikia. Ya pili ni S0, iliyoigwa kwenye simu. Skrini inazima, feni inanyamaza, lakini mashine iko macho nusu, tayari kuvuta barua pepe au masasisho. Vifaa vyote vikitulia, ulaji wake hushuka sana, karibu na wa S3. Kifaa kimoja tu kikigoma kutulia, iwe kadi ya Wi-Fi, kisoma alama za vidole au diski ya SSD, prosesa nayo haifiki kwenye usingizi mzito. Kwa nje hutaona tofauti yoyote.

Kujua yako ni ya namna gani huchukua dakika moja. Kwenye Windows, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, uandike:

`powercfg /a`

Ukiona "Standby (S3)" katika orodha ya juu, una ile ya zamani. Ukiona "Standby (S0 Low Power Idle)", una ile ya kisimu. Kwenye Linux:

`cat /sys/power/mem_sleep`

Jibu likiwa `s2idle [deep]`, mashine inazijua zote mbili (`deep` ndiyo S3, usingizi mzito; `s2idle` ndiyo ile ya kisimu) na imechagua usingizi mzito, kwa sababu neno lililo ndani ya mabano ndilo linalotumika. Likiwa `[s2idle] deep`, usingizi mzito upo ila hautumiki. Ujaribu kwanza bila kubadilisha chochote cha kudumu: `echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`, kisha funga mfuniko, subiri dakika tano, fungua. Ikiamka vizuri, skrini na Wi-Fi vikarudi, hapo ndipo uingie kwenye faili la `/etc/default/grub`, lenye mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, uongeze `mem_sleep_default=deep` ndani ya alama za kunukuu za mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, uandike `sudo update-grub`, uwashe upya. Isipoamka, shikilia kitufe cha kuwashia hadi izime. Ukiiwasha tena itakuwa imerudi ilivyokuwa.

Jibu likiwa `[s2idle]` peke yake, usihangaike na GRUB. Usingizi mzito haumo kwenye BIOS ya mashine hiyo, yaani programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows au Linux, na hakuna amri itakayouumba. Baadhi ya ThinkPad zina swichi yake ndani ya BIOS, kwenye Config, kisha Power, kisha Sleep State. Ukichagua Linux, neno `deep` linajitokeza.

"Chaji ikishuka usiku, betri imechoka"

Hapa hesabu ndiyo inayoamua. Chukua betri yenye maandishi 11.4 V na 4200 mAh. Zidisha volti kwa ampea-saa: 11.4 mara 4.2 ni takriban wati-saa 48. Umeiacha saa nne usiku ikiwa 100%, umeikuta saa kumi na mbili asubuhi ikiwa 52%. Saa nane zimekula wati-saa 23, yaani wastani wa karibu wati 2.9. S3 nzuri hula nusu wati au pungufu, ambayo kwa usiku mzima ni wati-saa 4, kama asilimia 8 ya betri hiyo. Asilimia moja kwa saa ni kawaida. Asilimia sita kwa saa kwenye betri nzima ni mashine iliyokesha.

Ila angalia mtego huu: asilimia huhesabiwa kwa kile betri inachobeba sasa, si kwa ilichobeba ilipokuwa mpya. Betri hiyo hiyo ikichakaa hadi kubeba wati-saa 24, usingizi mzuri wa nusu wati utaonekana umekula asilimia 17. Laptopu mbili zinaweza kushuka sawasawa, moja ikihitaji betri na nyingine ikihitaji marekebisho tu. Ndiyo maana fundi anayetaja bei ya betri kabla hajapima anabahatisha kwa fedha yako.

Kupima: kwenye Windows, `powercfg /batteryreport` hutengeneza faili, na amri yenyewe inakuambia imeliweka wapi. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Kwenye Linux, `upower -e` inakuonyesha jina la betri, kisha `upower -i` likifuatwa na jina hilo. Tafuta `energy-full` na `energy-full-design`. Ikibeba asilimia 80 ya uwezo wa awali, iache ilivyo. Ikishuka chini ya nusu, sawa, nunua.

Kisha fanya jaribio la usiku mmoja. Zima laptopu kabisa, si kuilaza, chomoa chaja, iache saa nane. Ikipoteza asilimia moja au mbili, betri inashika chaji na tatizo liko kwenye usingizi. Ikipoteza nyingi hata ikiwa imezimwa, ingia BIOS uzime kipengele cha kuchaji simu kupitia USB mashine ikiwa imezimwa, pamoja na kile cha kuamshwa kupitia mtandao, urudie. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, ndipo betri iwe mshitakiwa.

"Ikishalala, hailetewi usumbufu"

Inaamshwa, tena na vitu vidogo: mausi isiyo na waya iliyoguswa na paka, kadi ya mtandao, saa ya masasisho ya usiku wa manane. Mtu akiikuta imewaka asubuhi husema ina virusi. Muulize Windows mwenyewe. `powercfg /lastwake` hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho, `powercfg /devicequery wake_armed` huorodhesha vyote vyenye ruhusa ya kuamsha, na `powercfg /waketimers` huonyesha saa zilizotegwa. Mausi na kadi ya mtandao huondolewa ruhusa kwenye Device Manager, kichupo cha Power Management. Kibodi iachie.

Kwenye Linux, soma kumbukumbu: `journalctl -b | grep "PM: suspend"`. Utaona jozi za mistari, `suspend entry` na `suspend exit`. Ukikuta kuingia saa 22:01:10 na kutoka saa 22:01:12, kuna kitu kiliivuta ikiwa ndiyo kwanza inasinzia. Angalia `/proc/acpi/wakeup`, mara nyingi ni XHC, kidhibiti cha milango ya USB. `echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup` huizima, na ukiandika mara ya pili huiwasha tena, kwa hiyo usiirudie kwa wasiwasi. Mpangilio huu unafutika ukiwasha upya. Usipokuta hata `suspend entry` moja, basi haikulala kabisa: `systemd-inhibit --list` itataja programu iliyoizuia, na mara nyingi ni kicheza video au upakuaji.

Na kabla ya kulaumu programu, kumbuka mfuniko hutambuliwa kwa sumaku. Kisumaku kiko kwenye fremu ya skrini, na kihisi chake kiko chini ya kibodi. Ukiweka simu yenye kava la sumaku pembeni mwa kibodi, skrini inaweza kuzima ghafla ukidhani mashine imeharibika. Na fundi aliyebadilisha skrini akasahau kukirudisha kisumaku, amekuachia laptopu isiyojua kama imefungwa.

"Iko kwenye begi, imelala, hakuna shida"

Kwa mashine za S0 hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Safari ya Dar kwa basi ni saa tano, sita. Laptopu iliyofungwa mfuniko ikagoma kutulia, ikila wati 8 ndani ya begi lililobanwa, haina pa kupumulia. Ukifika Segera begi lina joto la chapati, na ukifika Dar wati-saa 48 zimekwisha. Chaji utairudisha. Joto ndilo lililokula umri wa betri, na hilo halirudi.

Dawa ni haibanate. Hapo yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski na mashine inazima kweli. Windows huificha, kwa hiyo andika `powercfg /hibernate on`, halafu kwenye Control Panel, Power Options, chagua mfuniko ukifungwa ifanye Hibernate inapotumia betri. Ukipenda ilale kwanza kwa mapumziko mafupi, `powercfg /change hibernate-timeout-dc 60` inaifanya ijizimishe hivyo baada ya dakika 60. Kwenye Linux kazi ni kubwa zaidi: unahitaji eneo la swap (sehemu ya diski inayopokea yaliyomo kwenye RAM) lisilopungua RAM yako, GRUB iambiwe liliko, na Secure Boot, ile kinga ya BIOS inayokagua kinachowashwa, ikiwa imewashwa kerneli za Ubuntu, yaani kiini cha mfumo, hukataa haibanate. Asiyetaka usumbufu huo azime kabisa kabla ya kupanda basi. Sekunde thelathini za kuwasha hazimuui mtu.

Wapo wanaoogopa kuwa haibanate inamaliza SSD. Kwa RAM ya GB 8, faili la haibanate la Windows huwa kama GB 3.2. Ukiliandika lote mara moja kila siku ni kama terabaiti 1.2 kwa mwaka, wakati SSD za kawaida za GB 256 huhimili makumi ya terabaiti na zaidi. Itachakaa kwa mambo mengine kwanza.

"Nimebonyeza Shut down, imezima"

Kwenye Windows si lazima. Kipengele cha Fast Startup, kilichokuja na Windows 8, hukufungia programu zako lakini kerneli na madereva (programu zinazoendesha vifaa) huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Dereva aliyechanganyikiwa leo anaamka na mkanganyiko wake kesho. Ndiyo maana "nimezima na kuwasha" haisaidii ila "Restart" inasaidia. Kwa kuzima kweli, shikilia Shift unapobonyeza Shut down, au andika `shutdown /s /t 0`. Mwenye Windows na Linux kwenye diski moja aizime Fast Startup moja kwa moja. Vinginevyo Linux itakuta kizigeu (sehemu ya diski) cha Windows kimefungwa na kukubali kusomwa tu.

"Betri mpya ichajiwe kwa muda wa saa kumi na mbili, na iishe kabisa kabla ya kuchaji"

Ushauri wa betri za nikeli, uliorithiwa na watu ambao hawajawahi kuzimiliki. Za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991, hazina ile tabia ya nikeli ya kupoteza uwezo zisipomalizwa kabla ya kuchajiwa. Kuzimaliza hadi sifuri kila siku kunazichosha. Kuimaliza mara moja moja kunasaidia kipimo cha asilimia kisome sawa, basi.

"Kuiacha kwenye chaja kunailipua"

Kujaa kupita kiasi hakupo, kwani sakiti ya betri hukata ikijaa. Ila ukweli nusu upo. Betri iliyokaa 100% siku nzima kwenye joto huzeeka haraka, na chumba cha bati cha Tanga mwezi wa Februari ni joto hasa. Laptopu inayokaa mezani muda wote iwekewe kikomo cha 80%. Lenovo, Dell na HP nyingi zinacho ndani ya BIOS au programu zao. Kwenye Linux, kwa ThinkPad na nyingine zinazokubali, sakinisha TLP, programu ya kusimamia umeme, kisha kwenye `/etc/tlp.conf` weka `START_CHARGE_THRESH_BAT0=75` na `STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80`. Siku ya safari utaiondoa.

Chaja nayo ina visa vyake. Dell za pini ya duara zina kisindano cha katikati kinachoitambulisha chaja. Kikikatika, au chaja ikiwa ya kuungaunga, mashine inawaka kama kawaida lakini betri haipandi na prosesa inapunguzwa kasi. Vivyo hivyo laptopu inayotaka wati 65 ukiipa chaja ya simu ya wati 18 kupitia USB-C: alama ya kuchaji inaweza kuonekana, na asilimia zikaendelea kushuka. Soma maandishi ya chaja kabla ya kusoma kumbukumbu za mfumo.

Na kama padi ya kugusa (touchpad) imeanza kuinuka, au mfuniko wa chini haukai sawa mezani, hapo hakuna amri ya kuandika. Betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza irudi, ipeleke ikatolewe.