Kuosha injini nyumbani bila kuniletea gari kwa kamba

Vumbi likishika, na hasa sikukuu zikikaribia, naletewa magari yenye ugonjwa mmoja. Jana lilikuwa zima, limeoshwa likang'aa, leo linatetemeka, halivuti, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Siku hizi kabla sijashika spana namuuliza mwenye gari, "Bosi, umeosha injini?" Wengi hucheka tu.

Sisemi injini isioshwe. Iliyoganda tope la oili na vumbi haikuonyeshi inapovuja, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuisafisha. Ila injini ni ya brashi, kitambaa na maji kidogo. Mashine ya presha iache kwa rimu na madigadi.

Chukua injini ya Toyota iitwayo 1NZ, iliyo kwenye IST, Raum na Probox nyingi za mitaani kwetu. Ukitoa kava la plastiki la juu utaona koili nne, yaani vifaa vinavyoipa plagi umeme, zimepangwa kwa mstari, kila moja imeshikwa na bolti ya spana namba 10. Koili imezama kwenye tundu refu, plagi iko chini kabisa. Mpira wa juu unazuia matone, hauzuii maji yanayosukumwa na mashine. Yakishaingia yanatuama mle. Umeme wa maelfu ya volti, uliotakiwa kuruka kwenye ncha ya plagi, unapata njia ya mkato kupitia maji hadi kwenye chuma cha injini, na silinda hiyo haichomi. Ukichomeka kompyuta ya kupimia magari utasoma kodi ya P0301, P0302, P0303 au P0304. Tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda.

Yakikukuta, usikimbilie dukani kununua koili mpya. Zima gari, chomoa koili, puliza tundu kwa kompresa au likaushe kwa kitambaa kilichozungushiwa kwenye bisibisi ndefu, na ndani ya mpira wa koili ukaushe vilevile. Plagi usiifungue kabla tundu halijakauka, maana maji na mchanga vitadondokea ndani ya silinda, na hapo tunaongea lugha nyingine ya bei.

Sasa kazi yenyewe. Wakati mzuri ni asubuhi, gari limelala, halijawashwa. Kama limetoka safarini, fungua boneti usubiri mpaka uweze kulaza kiganja juu ya tapeti kava, mfuniko wa chuma wa juu ya injini, bila kuruka. Manifodi ya ekzosti, yaani bomba la kutolea moshi pale linapoanzia kwenye injini, iliyopata moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupasuka, na dawa ya kuondoa grisi ikidondokea hapo hutoa moshi au hata kushika moto.

Kabla ya maji, chungulia nyaya kwa tochi. Panya wa mjini wanapenda joto la injini, na waya uliotafunwa mpaka shaba ikaonekana haufai kulowa. Ukikuta kiota, vaa glovu, toa takataka zote, waya urekebishwe kwanza.

Kisha toa waya wa hasi wa betri, na uwe wa mwisho kurudishwa. Funika oltaneta (inayochaji betri), fyuzi boksi, koili, mdomo wa airclina, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kama imewekwa humo ndani ya boneti. Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini nailoni ya mkate au ya kufungashia nguo inatosha, ukiikaza kwa mpira. Mfuniko wa oili na kijiti cha kupimia oili hakikisha vimekaa.

Kwenye dawa ndipo watu wanapoumia kimyakimya. Petroli usiiguse kabisa. Mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo tu. Dizeli na mafuta ya taa yanatoa grisi kweli, na vijana wengi wa kuosha magari wanayaamini, ila yanalainisha na kuvimbisha hozi na mikanda. Sabuni ya maji ya kienyeji yenye kostiki inakula aluminiamu, na injini za leo sehemu kubwa ni aluminiamu. Nunua dawa ya grisi inayochanganywa na maji, au tumia shampoo ya gari. Paka sehemu moja kwa brashi ya rangi, kwenye kona tumia mswaki uliochakaa, subiri dakika chache, suuza kabla haijakauka, ndipo uhamie sehemu nyingine.

Kusuuza, tumia kinyunyizio cha mkono au hozi inayotiririka polepole, bila kubana mdomo wake kwa kidole. Kama kisima chenu kina chumvi, kama visima vingi vya huku pwani, maji ya mwisho yawe ya bomba au ya mvua. Chumvi ikibaki kwenye soketi, wiki kadhaa baadaye utakuta pini zimeota ukijani, na hapo sensa inaanza kusema uongo.

Ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri unaondolewa kwa magadi, haya haya ya kuchemshia maharage. Yeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, paka, yatoe povu, suuza, kausha, halafu paka vaselini kidogo. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa. Magadi yakiingia ndani yanaua asidi.

Maji machafu yasielekee mtaroni. Mwaga maranda chini ya gari kabla hujaanza, yanyonye oili.

Ukimaliza toa nailoni zote, futa, acha boneti wazi juani mpaka soketi zikauke, ndipo urudishe betri na uwashe. Mkanda unaweza kulia kidogo, na mngurumo wa injini unaweza kuyumba gari likiwa limesimama kwa sababu betri ilitolewa. Kwa kawaida hutulia. Usipake ile polishi ya dashibodi karibu na mikanda, itateleza.

Wenye Prius na haibridi nyingine: nyaya za rangi ya chungwa zina zaidi ya volti 200. Huko futa plastiki za juu kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi.

Baada ya siku tatu za kuendesha, rudi na tochi. Oili mbichi pembeni ya tapeti kava ni gasketi, na ikishuka hadi kwenye ekzosti utasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni. Unyevu wenye rangi kwenye hozi ni maji ya rejeta. Piga picha, mpelekee fundi. Na ukienda kununua gari la mtu ukakuta injini imeoshwa asubuhi ile ile, omba kulirudia baada ya siku hizo hizo tatu.