Kifaranga mmoja wa kamba na wote wanaomwagwa matopeni

Nikiulizwa uvuvi wa vifaranga vya kamba unaharibu nini, huwa naanza na sahani. Vijijini kandokando ya Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko ulioko Bangladesh na India, wanawake na watoto hukokota nyavu zenye matundu ya chandarua, maji yakiwafika kiunoni. Wakitoka humimina walichopata kwenye sahani nyeupe na kuanza kuchambua. Wanamtafuta kifaranga wa kamba wa milia, Penaeus monodon: mwembamba kama uzi, urefu sentimita moja na ushei, ana mstari wa hudhurungi mwilini. Huyo anauzwa kwa wenye mabwawa ya kufugia kamba. Waliobaki humwagwa ukingoni.

Hao waliobaki ndio kazi yangu. Chini ya hadubini unawaona kaa wachanga, mkizi ambao mwili wao bado unapitisha mwanga, kamba wa aina nyingine. Hesabu zilizofanywa huko zinaonyesha kwamba kwa kila kifaranga mmoja anayechukuliwa, makumi na mara nyingine mamia ya viumbe wengine hufia kwenye matope.

Kuna hoja ninayokutana nayo kila mara: jike mmoja hutaga mayai kama 250,000 hadi 800,000, sasa wakivuliwa wachache pana hasara gani? Hasara iko kwenye umri. Mayai huanguliwa baharini, na wengi huliwa au hupotea na mikondo kabla maji kujaa hayajawaleta kwenye mikoko. Anayefika mlangoni mwa mto ameshavuka sehemu ngumu kuliko zote. Kumvua hapo si sawa na kuchukua yai. Mkizi aliyemwagwa naye alifika kwa tabu hiyohiyo, na angekua angevuliwa na watu wa kijiji kilekile.

Nyavu zikiburutwa ukingoni, miche ya mikoko nayo hung'oka.

Bangladesh ilipiga marufuku uvuvi huu mwaka 2000. Haukukoma, wala sishangai. Mama anayeingia kwenye maji ya chumvi yenye mamba hana shamba la kurudia, na wafugaji wengi huamini kifaranga wa mtoni ana nguvu kuliko wa kutotoleshwa. Ukimnyang'anya wavu bila kumpa riziki nyingine, kesho atashona mwingine.

Pwani ya kwetu, kina mama wanaotanda uduvi kwa chandarua nao hunasa samaki wachanga, na madhara yapo. Lakini sehemu kubwa ya wanachopata huanikwa ikaliwa. Kule kinatupwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wavuvi wa Sundarbans ningewaomba kitu kimoja kisichohitaji sheria mpya: wachambulie kwenye beseni lenye maji ya mto, kivulini, wasichelewe, kisha waliobaki wamwagwe mtoni badala ya ukingoni. Hawatapona wote. Ila mkizi aliyerudi majini akiwa hai bado ana nafasi ya kufika kwenye mizizi ya mikoko kabla maji hayajakupwa.