"Nilisimama Tu, Dokta"

Wiki hii wamefika watatu waliosimama juu ya kidonda kibichi cha mguu. Wa mwisho ni mlinzi wa geti, Ijumaa nilimng'oa upande mmoja wa kucha ya dole gumba la mguu iliyokuwa imezama nyamani. Jumatatu yuko lindoni, saa kumi na mbili mfululizo, mguu ndani ya buti. Leo nafungua bandeji, shashi nyeusi imegandia kidonda, kidole kimevimba kinang'aa. Nikabonyeza juu kidogo ya kifundo, kishimo cha gumba langu kikabaki palepale. "Ulitembea sana?" "Hapana, dokta. Nilisimama tu."

Hilo "tu" ndilo linanimaliza. Watu wanaamini kusimama ni kupumzika bila kukaa. Si kweli, na kwa mguu uliotoka kuchanwa ni karibu kinyume chake.

Damu kushuka mguuni ni rahisi; kazi ni kupanda. Kinachoipandisha ni mashavu ya miguu: ukipiga hatua yanakaza, yanaikamua mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, na vali zinaizuia isirudi chini. Ukisimama kama mlingoti, pampu imezimwa. Shinikizo kwenye vena za kifundo hufika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukitembea hatua kadhaa linashuka hadi 30 hivi au chini yake. Maji yanavuja kwenye nyama, kidonda kinavutwa, kinapwitapwita, kinachelewa. Sasa usinielewe vibaya ukaanza matembezi ya jioni! Kila hatua inakikanyaga kidonda pia. Siku mbili za kwanza ni kitandani, chooni na mezani, basi. Na usijipime siku ya upasuaji yenyewe: ganzi ya lignokeini ikiwa bado ipo, kila mtu ni shujaa.

Halafu kuna "mguu nauinua, dokta, nauweka kwenye stuli". Stuli ni afadhali kuliko sakafu, lakini nikisema juu namaanisha juu ya moyo. Lala chali, panga mito. Ukitaka kukiona kidole chako inabidi uangalie juu. Kama unakiangalia kwa chini huku unatazama mpira, hujainua kitu.

Ukirudi kazini, uwe kinyozi, mwalimu, mpishi au keshia, omba kiti kabla hujaomba panadol. Kila ukipata nafasi kaa, vuta vidole juu, kanyaga hewa, rudia mara ishirini. Mazoezi ya kunyanyua visigino ni mazuri, ila si kwako mwenye kidonda cha dole gumba, maana uzito wote unahamia hapohapo. Usichechemee siku nzima, utaniletea na kiuno. Makubazi ya wazi kuliko buti. Unga wa kapsuli za rangi mbili usimwagie kidonda, hilo sirudii.

Vitabu vinasema angalia wekundu. Kwenye ngozi zetu utaungoja sana huo wekundu. Tumia mgongo wa kiganja, linganisha joto na mguu wa pili. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, usaha, homa: rudi. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, njoo siku hiyohiyo. Mwenye sukari, wewe masharti yako ni makali zaidi, kwa sababu mguu wako unaweza usikuambie kitu.

Na sisi tuna letu. Ile ED, karatasi ya ruhusa ya kutokwenda kazini, ya siku tatu tunayoiandika ni mazoea zaidi kuliko sayansi. Karani wa mezani na mlinzi wa geti tunawapa siku zilezile, kwa kidonda kilekile, wakati kidole kama hiki huchukua wiki mbili na zaidi kufunga. Ijumaa na mimi niliandika tatu, kwa hiyo nusu ya lawama za leo ni zangu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa hadi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Sijui tunambania nani.

Nikamwandikia saba, na barua ya kuomba akirudi apewe kiti. Akaisoma polepole, akaikunja.

"Kiti kipo, dokta. Ila mlinzi akikutwa amekaa, wanaandika alikuwa amelala."