Leseni nne kwa mfamasia mmoja

Kila asubuhi navuka mto Ohio kwenda kazini. Ninaishi Covington, Kentucky, na kazi yangu iko Cincinnati, ng'ambo ya daraja, mwendo wa dakika chache barabara ikiwa nyeupe. Leseni yangu ya udereva ya Kentucky navuka nayo na hakuna anayeniuliza. Ile ya ufamasia ya Kentucky, nikishafika ukingo wa Cincinnati, ni karatasi tu. Ndiyo maana nina ya Ohio pia. Na ya Indiana. Na ya Florida, ambayo nitaieleza.

Mama yangu, yuko Tanga, mpaka leo haelewi. "Mwanangu, si ulishafaulu?" Nilishafaulu, mama, ila Marekani haina leseni ya ufamasia ya taifa zima. Kila jimbo lina bodi yake ya famasia na sheria zake, na bodi hizo haziazimani mamlaka.

Mtihani mkubwa, NAPLEX, ule wa dawa, tiba na mahesabu, ni mmoja nchi nzima, ukiupasi umeupasi. Kinachokurudisha darasani ni sheria. Mtihani wake unaitwa MPJE: maswali 120, saa 2 na nusu, na majimbo mengi yana wake. Hauambiwi hili ni swali la sheria ya serikali kuu na hili la jimbo. Unatakiwa ujue zote mbili na ujue ipi kali zaidi, kwa maana hiyo ndiyo inayotawala. California ina mtihani wake wa peke yake. Idaho iliufuta kabisa mtihani wa sheria mwaka 2018, na mbingu haijaanguka.

Ukitaka leseni ya jimbo la pili, unapitia NABP, jumuiya ya bodi zote, iliyoanzishwa mwaka 1904 ili kurahisisha uhamisho huu huu. Wanakusanya jalada lako, wanatazama kama umewahi kuadhibiwa popote, kisha wanalipeleka kwa bodi unayoiomba. Hapo unalipa, unangoja, unasoma sheria usiku watoto wakishalala. Mke wangu ni nesi. Manesi wana mkataba wa majimbo zaidi ya 40, Ohio na Kentucky yakiwemo, kwa hiyo yeye anavuka daraja lile lile na leseni moja. Hanikumbushi kila siku, lakini ananikumbusha.

Watu huuliza: sheria zinatofautiana kiasi gani hasa, dawa si ni ile ile? Chukua gabapentini, ya kifafa na ya maumivu ya neva. Serikali kuu haiihesabu kuwa dawa ya kudhibitiwa. Kentucky, baada ya kuona inavyotumiwa vibaya pamoja na dawa za jamii ya afyuni, iliiingiza kwenye jedwali la 5 la dawa za kudhibitiwa mwaka 2017. Virginia ikafuata mwaka 2019. Ohio hawakufanya hivyo, ila nao wanataka kila inapotolewa iandikwe kwenye mfumo wao wa kufuatilia dawa. Basi kidonge kile kile, kutoka kiwanda kile kile, ng'ambo ya Ohio cheti chake cha daktari kinaweza kuishi mwaka mzima, na ng'ambo ya Kentucky kinakufa baada ya miezi 6 au kurudiwa mara 5, lolote litakalotangulia.

Nililiona hilo likimwangukia mzee mmoja Mkongo aliyehama Cincinnati kwenda kukaa na mwanawe Louisville. Sisi tunatuma dawa kwa posta, na kwa kuwa ninajua Kiswahili simu kama zake hupitishwa kwangu. "Munganga," akaniambia, "juu ya nini dawa ya miguu wameikataza?" Hakuna aliyeikataza, baba, umevuka mto tu. Ilibidi daktari wa Louisville aandike upya. Mpaka leo nadhani mzee anaamini nilikuwa namficha jambo.

Na hapo ndipo leseni nyingi zinapopata kazi. Duka linalotuma dawa nje ya jimbo lake linahitaji kibali cha jimbo linalopokea, na baadhi ya majimbo hudai pia mfamasia msimamizi awe na leseni ya kwao. Tofauti na hapo ni hospitali za serikali kuu, kama za wanajeshi wastaafu: leseni moja hai ya jimbo lolote inatosha.

Ila kuipata si kitu. Kuilisha ndiyo kazi. Kentucky inahuishwa kila Februari, na mafunzo endelevu ya saa 15 kwa mwaka. Indiana ni Juni ya mwaka shufwa. Ohio na Florida zote Septemba ya mwaka witiri. Kila moja na ada yake. Mwaka mmoja tulihama nyumba nikasahau kubadilisha anwani kwenye bodi moja, ilani ikaenda kwa mpangaji mpya, na nikagundua zikiwa zimebaki siku 3. Kosa lilikuwa langu, na usingizi uliopotea ni wangu.

Kubwa zaidi ni hili: leseni hizi zimefungwa kamba moja. Ukiadhibiwa na bodi moja, taarifa inazifikia nyingine, na nyingi zinakutaka ujitaje mwenyewe. Kosa la Indiana linaweza kukufuata Florida ambako hujawahi kutoa hata kidonge kimoja.

Kwa wenzangu mnaoniandikia kutoka nyumbani: kabla ya kuwaza leseni ya pili, hesabuni miaka ya shahada. Aliyehitimu nje ya Marekani tangu Januari 2003 anatakiwa awe na mtaala wa miaka 5 ili apate cheti cha FPGEC, kile cha wafamasia waliosoma nje, ambacho ndicho mlango wa kwanza. BPharm ya Nairobi ni miaka 5. Ya Muhimbili ni 4. Nimewaona watu wakilijua hilo wakiwa wameshauza kiwanja.

Nilisema nitaieleza ya Florida. Niliichukua kwa ajili ya kazi niliyoahidiwa kwa simu, na simu hiyo haikupigwa tena. Nimeilisha kwa miaka, nikijiambia huenda. Septemba ya witiri ijayo siihuishi.