Jua kwenye kichala: mwanga hujenga zabibu, joto huiunguza

Mkulima wa zabibu akisema kichala "kinapata jua", anataja vitu viwili vinavyofika pamoja, mwanga na joto, na kila kimoja kina kazi yake. Mwanga huliamsha ganda la punje litengeneze rangi na kinga. Joto huamua kama rangi hiyo itadumu. Punje inayopigwa na jua moja kwa moja, siku isiyo na upepo, inaweza kuzidi joto la hewa kwa nyuzi 10 hadi 15. Hewa ikiwa nyuzi 31, punje ya upande wa jua tayari imepita 40, wakati zile zilizojificha nyuma ya jani ziko karibu sawa na hewa.

Kuna dhana iliyoenea kwamba kichala kikianikwa juani ndipo kinakuwa kitamu. Si kweli. Sukari hutengenezwa na majani, kisha husafirishwa hadi kwenye punje. Jani moja hunyonya takriban asilimia 90 ya mwanga unaotumika katika usanisinuru. Jani lililo nyuma yake hupata chini ya sehemu moja ya kumi, na la tatu hukaa karibu gizani. Majani hayo ya ndani hayana faida, hugeuka njano na kudondoka. Lakini yale ya nje ndiyo kiwanda chenyewe: chipukizi lenye kichala linahitaji majani 10 hadi 15 yenye afya ili kukiivisha. Anayefyeka majani ovyo atapata vichala vinavyoonekana vizuri kwa mbali, ila mchuzi wa zabibu ukipimwa briksi, yaani kiwango cha sukari, unakuwa chini.

Athari ya jua hutegemea umri wa punje. Tangu matunda yashike hadi yanapoanza kulainika, punje ni za kijani, ngumu na chachu. Mwanga wa kipindi hiki huzifanya zijenge flavonoli, kemikali zinazochuja mionzi ya urujuanimno, na nta ya ganda huongezeka. Pia hupunguza ile harufu ya pilipili hoho mbichi inayosumbua kwenye Cabernet Sauvignon, aina ya zabibu nyekundu, iliyokua kivulini. Punje zikianza kubadilika rangi, kinachotakiwa ni mwanga wa kiasi bila joto kali. Rangi nyekundu, yaani antosianini, hutengenezwa polepole ganda likipita nyuzi 35, na iliyokwisha kutengenezwa huanza kuvunjika. Ndiyo maana kichala kimoja kinaweza kuwa cheusi upande wa asubuhi na kuwa na wekundu uliopauka upande wa alasiri. Joto hilohilo huteketeza asidi ya maliki, moja ya asidi zinazoipa zabibu uchachu, mchuzi ukabaki mtamu lakini umepooza.

Kivuli kizito nacho kina madhara yake: rangi hafifu, potasiamu nyingi kwenye punje, na unyevu usiokauka. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, hupenda mahali pa namna hiyo, kwa sababu mionzi ya jua huua vimelea vyake.

Kubabuka kwa jua ni jambo jingine kabisa. Ganda likifika karibu nyuzi 45 hadi 50 jua likiwa bado linalipiga, seli hufa. Kwenye zabibu nyeupe kama Chenin Blanc utaona doa la kahawia linaloanza bila mpaka dhahiri. Baadaye sehemu hiyo hubonyea, na punje hukauka ikiwa bado kwenye kikonyo. Mara nyingi chanzo si ukali wa jua peke yake, ni ghafla yake. Punje zilizokulia kivulini hazina kinga, kwa hiyo majani yakitolewa wiki mbili kabla ya mavuno huungua ndani ya siku moja au mbili. Mzabibu wenye kiu huungua upesi zaidi.

Kwa hiyo majani hutolewa mapema, punje zikiwa na ukubwa wa pilipili manga, na upande mmoja tu. Kwa mistari ya kaskazini–kusini, upande huo ni wa mashariki: jua la saa tatu asubuhi lina mwanga wa kutosha na hewa bado ina ubaridi. Upande wa magharibi uachwe na majani yake, kwa sababu saa nane hadi saa kumi alasiri jua na hewa ya moto hukutana.

Mistari ya mashariki–magharibi inahitaji hesabu nyingine, na hapa vitabu vya nchi za mbali humpoteza mkulima wa Dodoma. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 9 Oktoba. Zabibu za mavuno ya Agosti na Septemba huiva jua likiwa kaskazini; za Februari huiva likiwa kusini. Upande wa kulinda hubadilika kila msimu, katika shamba lilelile.

Kupima kivuli hakuhitaji kifaa. Chukua fito nyembamba, ipenyeze kwenye mzabibu kwa usawa wa vichala, uhesabu majani inayogusa hadi itokee upande wa pili. Rudia sehemu 20 au zaidi za mstari. Wastani wa jani moja hadi moja na nusu ni mzuri. Ukifika matatu, punguza. Kwenye joto la Dodoma ni afadhali kuegemea mawili kuliko moja, hasa kwa zabibu nyeupe ambazo hazidai rangi.

Mwanga huamua pia mavuno yajayo. Vichala vya msimu ujao huanza kuumbika ndani ya macho ya tawi wakati zabibu za sasa zingali shambani. Jicho lililokulia gizani huchipua vizuri baada ya kupogoa, lakini pale kilipotakiwa kichala hutoka kikono cha kujishikia kwenye waya. Wakati wa kupogoa, acha matawi yaliyokomaa juani, yenye rangi ya kahawia, ukate yale membamba yaliyobaki na ukijani.