Kansa ya utumbo mpana ni nini, na kwa nini upimwe wakati huumwi popote

Mtu akiona damu chooni neno la kwanza ni bawasiri. Anaenda duka la dawa, anapewa tyubu ya kupaka, anaambiwa aache pilipili, imeisha hiyo. Na mara nyingi kweli ni bawasiri, siwatishi, shida ni kwamba kansa ya utumbo mpana nayo inatoa damu na kwa kuangalia tu huwezi kujua hii ni ya nini.

Utumbo mpana ni ule wa mwisho, una urefu kama mita moja na nusu hivi, kazi yake kubwa ni kufyonza maji kwenye mabaki ya chakula mpaka yawe choo, na kipande chake cha chini kabisa ndo puru. Kansa ikianzia popote hapo ndo hiyo tunayoongelea. Duniani ni ya tatu kwa kupata watu wengi na ya pili kwa kuua, watu karibu milioni 2 kwa mwaka wanaambiwa wanayo, kwa hiyo ile ya "ni ugonjwa wa wazungu" tuiache.

Sasa sikiliza hapa. Mara nyingi hii kitu haianzi ikiwa kansa, inaanza na kinyama kidogo kinaitwa polipu, kimeota ukutani mwa utumbo kama chunjua, hakiumi hakiwashi. Vingi vinabaki hivyohivyo, vichache vinakua polepole mpaka vinageuka, na safari hiyo kwa kawaida inachukua miaka 10 hivi. Miaka 10 jamani! Daktari akikikuta katikati ya safari anakikata siku hiyohiyo na kile kinyama hakigeuki kansa tena.

Ndo maana kuna skrining, yaani kumpima mtu asiye na dalili yoyote, anakula ugali wake vizuri na kazini anaenda. Ukishaona damu, au choo kimebadilika wiki kadhaa, au unakonda na hujajinyima chakula, au unaambiwa damu imepungua na haijulikani inapotelea wapi, hiyo sio skrining tena, nenda hospitali useme wazi unataka utumbo uangaliwe, hata kama una miaka 30.

Umri wa kuanza zamani ulikuwa 50, Marekani mwaka 2021 wakaushusha rasmi hadi 45 kwa sababu vijana wanaoipata wameanza kuongezeka. Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Black Panther, alifariki kwa kansa hii 2020 akiwa na miaka 43. Hapa kwetu Kenya mbunge wa Kibra, Ken Okoth, naye alifariki kwa kansa hiyohiyo Julai 2019 akiwa na 41, yaani wote wawili hata hiyo 45 hawakuifikia. Kama mzazi au ndugu yako wa damu aliugua, unaanza ukiwa na 40 au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, inayotangulia. Baba aligundulika na 45? Wewe anza 35. Lakini utajuaje kama nyumbani ilisemwa tu "alikuwa anaumwa tumbo"? Hii aibu yetu ya kutotaja mambo ya choo inatugharimu.

Vipimo viko vya aina nyingi ila viwili ndo utavisikia sana. Kuna cha choo, unapeleka sampuli kidogo wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho, unarudia kila mwaka, ni rahisi na hakuna anayekugusa. Kingine ni kolonoskopi, bomba jembamba lenye kamera linapitishwa njia ya haja kubwa, mara nyingi umepewa dawa ya kukulegeza au usingizi, na wasipokuta kitu unaweza kukaa miaka 10 ndo urudie. Waliopitia wengi watakwambia bomba sio tatizo, tatizo ni ile dawa ya kuharisha unayokunywa siku moja kabla ili utumbo uwe safi, siku hiyo usipange safari ya matatu.

Halafu majibu ya kipimo cha choo yakisema kuna damu sio kwamba una kansa, inaweza kuwa polipu au hata hiyo bawasiri, ila lazima kolonoskopi ifuate, sio kurudia kile cha choo ukiomba safari hii kikose damu.