Je, wajua kwa nini ndama huchanjwa kwa kupe waliosagwa?

Ndama akivimba mitoki chini ya sikio, homa ikapanda, akaanza kuhema kwa shida huku pua zikitoa povu, mfugaji anajua ndigana kali imeingia bomani. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua ng'ombe zaidi ya milioni 1 kila mwaka barani Afrika, na ng'ombe wa maziwa wa kisasa ndio huangamia upesi zaidi. Chanjo yake ipo, lakini ukimweleza mtu inavyotengenezwa hakuamini.

Chanzo cha ndigana kali ni kimelea kiitwacho Theileria parva, ambacho huenezwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha sikioni. Kimelea hiki hakiziui chembechembe nyeupe za damu. Huziteka, kikazilazimisha zizaliane bila kikomo mfano wa saratani, nacho kikizaliana humo humo. Ndiyo maana mitoki huvimba, na mwishowe mapafu hujaa maji.

Ng'ombe anayenusurika hupata kinga ya miaka mingi. Watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, waliushika uzi huo. Wakati huo Muguga ilikuwa kituo cha pamoja cha Kenya, Uganda na Tanzania, kikiendeshwa kwa fedha za umma na kusaidiwa na Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1970 walianza kuwachoma ng'ombe vimelea hai, na papo hapo wakawachoma antibiotiki ya oksitetrasaiklini, ile inayokaa mwilini siku kadhaa. Dawa humpunguza kasi adui, mwili nao ukapata muda wa kumtambua. Kwa kuwa vimelea vya sehemu moja si lazima vikinge dhidi ya vya sehemu nyingine, walichanganya aina tatu: ya Muguga, ya Kiambu, na ya Serengeti iliyotokana na nyati.

Na hao kupe? Kimelea hukomaa kwenye tezi za mate za kupe, na hukomaa pale tu kupe anaponyonya damu. Kwa hiyo kupe wachanga hulishwa kwenye ng'ombe mgonjwa, wakishakua hufungwa kwenye masikio ya sungura kwa siku chache, kisha husagwa. Maji yanayochujwa humo hugandishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kundi moja la chanjo, yaani dozi zinazotengenezwa kwa mkupuo mmoja, hula mamia ya maelfu ya kupe na zaidi ya mwaka wa kazi, kwa sababu kila kundi lazima lijaribiwe kwanza kwa ng'ombe ili kipimo kijulikane.

Kampuni gani ingeweka mtaji wake hapo? Chanjo hii huchomwa mara moja tu katika maisha ya ng'ombe, na wanunuzi wengi ni wafugaji wasio na fedha taslimu. Kwa maoni yangu, bila kodi za wananchi na fedha za wafadhili isingetoka maabara. Hata baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977, ni taasisi za umma zilizoendelea kuibeba. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ilitengeneza kundi la dozi kama milioni 1 mwaka 2008, na baadaye kazi ikahamia kituo cha Lilongwe, Malawi.

Kaskazini mwa Tanzania Wamaasai waliipokea kwa mikono miwili. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni, na mnadani hereni hiyo humwongezea bei.

Anayebaki nyuma ni mwenye ng'ombe wawili. Mrija mmoja wa chanjo una dozi thelathini hadi arobaini, na ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache. Mtaalamu hawezi kuufungua kwa ajili ya ndama mmoja, hivyo majirani hulazimika kujiandikisha, kuchanga na kukusanya mifugo yao siku moja. Kuigawa chanjo katika vipimo vidogo ni kazi ambayo ningependa kuona fedha za umma zikielekezwa sasa.